Dodge Charger ya 1968 kwa skeli ya 1/25 ndani ya siku 14: bodi ndiyo ianze

Kazi ya mikono kwenye kigari cha plastiki cha kuunda cha 1/25 (gari halisi lililopunguzwa mara 25) haizidi saa 30 na kitu: kukata, kusugua, kupaka, kuunga. Jioni za wiki mbili zinaitosha na muda unabaki. Kinachokula kalenda ni kukauka. Puti inataka usiku mzima, praima nusu siku, rangi siku nzima, klia (tabaka la juu lisilo na rangi, linalong'arishwa) siku tatu kabla hujaigusa kwa msasa, na bidii yako haipunguzi hata saa moja hapo. Kwa hiyo mwenye siku 14 kabla ya maonyesho ya vigari ahesabu kuanzia siku ya maonyesho kurudi nyuma, apange kwanza tabaka za rangi ya bodi, kisha injini, chasi na sehemu ya ndani vijaze mapengo. Wengi hufuata karatasi ya maelekezo, ambayo hatua yake ya kwanza karibu kila mara ni injini. Bodi inakutana na rangi siku ya 10, na siku ya 13 mtu anaishika klia ikiwa bado laini, alama za vidole zinabaki humo.

Gari ninalolitumia hapa ni Dodge Charger R/T ya 1968, boksi la vipande vya kuunga la kampuni ya Revell, la 1/25. Ni moja ya yale magari ya Kimarekani ya milango miwili ya miaka ya 1960 yaliyopewa injini kubwa za V8, ambayo huitwa magari ya misuli. R/T, toleo la nguvu la Charger, ilitoka kiwandani na injini ya inchi za ujazo 440 yenye nguvu farasi 375, na aliyeongeza pesa alipata Hemi, injini ya Chrysler (kampuni mama ya Dodge) yenye vyumba vya kuwakia vya umbo la nusu tufe, ya inchi 426 na nguvu farasi 425. Kwa anayekimbizana na tarehe, gari hili lina neema moja: taa zake za mbele zimefichwa nyuma ya grili inayojaza uso mzima, kwa hiyo hakuna vioo vinne vya taa vya kubandika. Ugumu wake uko kwenye bodi. Milango na boneti vina mabonde yaliyochongwa kama matundu ya hewa, madigadi yana kingo kali, na kioo cha nyuma kimezama katikati ya nguzo mbili zinazoteremka kutoka paani. Hayo yote yatakusumbua siku ya kung'arisha.

Amua mabadiliko kabla ya kushika msumeno

Kampuni ya AMT ya Michigan ilianza mwaka 1958 kuuza maboksi ya tatu kwa moja: unaunda gari kama lilivyotoka kiwandani, au la mapambo, au la mashindano. Tabia hiyo ilienea, ndiyo maana hadi leo maboksi mengi ya Kimarekani huja na rimu za ziada, vifuniko vya injini viwili na eksozi za aina mbili. Tazama hivyo kwanza kabla ya kuagiza kitu nje.

Mabadiliko yanayogusa bodi yanalipiwa kwa siku, yasiyoigusa yanalipiwa kwa saa. Kushusha paa ni msumeno, puti, msasa, puti tena, na vioo vya kukata upya: ondoa siku nne au tano. Kupanua madigadi, ondoa tatu. Kushusha gari, kubadili rimu, kufunga nyaya za plagi na kuweka mikanda ya viti, kila kimoja ni jioni moja na hakigusi rangi. Kwa siku 14 mimi nashauri bodi ibaki na umbo lake, mabadiliko yawe manne tu: kimo, rimu, injini yenye nyaya, na paa la vinaili jeusi. Ukizidisha hapo unakopa siku ambazo huna.

Siku ya 1 ni ya kuosha na kujaribisha. Osha fremu zote za plastiki zinazoshika vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini. Mafuta ya kalibu yakibaki, rangi itajitenga na kuacha vijicho vya samaki. Kisha shika bodi, chasi, ndani, injini na magurudumu kwa tepu, bila gundi, gari lisimame mezani. Hapo ndipo unaona kama sakafu ya ndani inaisukuma bodi juu, na hutokea mara nyingi. Sugua chini ya sakafu milimita 0.5 hadi 1 mpaka bodi ikae. Funga boneti pia. Kwa Hemi, weka donge la plastisini juu ya eakilina, bonyeza boneti ifunge, halafu ifungue upime unene uliobaki. Ukiwa chini ya milimita 0.5, punguza vishikio vya injini sasa hivi. Rangi itaongeza unene wake, na boneti iliyokuwa inafunga kwa taabu haitafunga tena.

Siku ya 2 ni ya mistari ya kalibu. Kwenye Charger itafute juu ya madigadi, kwenye nguzo za paa na kwenye pembe za bampa. Kwangua kwa mgongo wa kisu, usitumie makali, kisha msasa wa 400 na 600 kwa maji. Vibonyeo vidogo vijaze kwa supaglu na unga kidogo wa baking soda: inaganda papo hapo na haisinyai. Isugue ndani ya saa moja, kwa sababu kesho yake itakuwa ngumu kuliko plastiki iliyoizunguka, msasa utachimba plastiki na kuiacha gundi imesimama kama kilima. Kwa kazi ya haraka, puti ya tyubu siitumii. Inasinyaa kwa siku kadhaa, na ukiipiga rangi mapema, bonde linajitokeza chini ya klia wakati huwezi tena kulirekebisha.

Kabla ya praima, chimbua mifereji ya milango na buti kwa mgongo wa kisu, mipito mitatu au minne myepesi. Tabaka sita za rangi hujaza mifereji mpaka gari linaonekana limemwagwa kama kinyago. Ni kazi ya dakika 20 ambayo watu huiruka.

Rangi

Chagua rangi isiyo na chengachenga. Chenga ya chuma ya sehemu 5 za mia za milimita, ikikuzwa mara 25, ni zaidi ya milimita 1, kwa hiyo rangi ya metali ya gari halisi ikiwa juu ya kigari hiki inaonekana kama kokoto. Nyeusi inaonyesha kila mkwaruzo. Nyekundu inataka praima nyeupe au ya waridi, kwani juu ya kijivu inatoka imefifia. Nyeupe huchelewa kufunika, lakini inasamehe. Nyekundu safi juu ya praima nyeupe, paa jeusi, na ile mistari miwili inayozunguka mkia ambayo R/T ya 1968 ilikuwa nayo, hapo umepata gari linalotazamwa kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Kwa kopo la kupuliza kama rangi za TS za kampuni ya Tamiya, loweka kopo kwenye maji ya nyuzi 40 hivi kwa dakika 5 hadi 10. Maji yasiwe ya moto zaidi ya hapo, na usilikaribishe jikoni kamwe. Shinikizo linapanda, rangi inatoka laini. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya bodi na umalizie nje ya bodi. Tabaka mbili za vumbivumbi kwanza, dakika 10 kati yake, kisha mbili za majimaji, dakika 15 kati yake. Mabonde ya milango yapate rangi mwanzo, kwa pembe, kabla ya ubavu mzima. Ukianza na ubavu utarudi kuyajaza na hapo ndipo rangi inapotiririka.

Anayepuliza Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ana adui mwingine, unyevu. Lacquer, rangi ya kiyeyushi inayokauka haraka kama hizo TS, ikikaukia kwenye hewa yenye unyevu mwingi inanasa maji na kugeuka maziwa. Asubuhi mapema ndipo unyevu ulipo juu kabisa, hata kama kuna baridi nzuri. Saa 8 mchana hadi saa 10 ni bora, kivulini, maana kwenye jua kali rangi inakaukia hewani na kutua na vipele vya ganda la chungwa. Lowesha sakafu kuzuia vumbi, na ukimaliza funika bodi kwa beseni lililoinuliwa kidogo upande mmoja. Mdudu akitua kwenye rangi mbichi, mwache. Kesho unamtoa kwa kibano na kusugua alama kwa msasa wa 2000. Ukimtoa sasa unachimba shimo.

Kanuni moja ya kemia isiyosahaulika: lacquer juu ya enameli (rangi ya mafuta inayokauka polepole) hukunjamana kama ngozi ya maziwa. Enameli juu ya lacquer iliyokauka haina shida. Ukiwa na haraka, kaa ndani ya familia ya lacquer kuanzia praima hadi klia, kwa sababu enameli ya kung'aa inataka wiki nzima kabla ya kung'arishwa, na wiki hiyo huna.

Ratiba yenyewe ni hii: praima jioni ya siku ya 2, msasa wa 1000 na rangi siku ya 3, marekebisho na tabaka la mwisho siku ya 4, mistari ya mkia siku ya 5, klia siku ya 6. Stika za maji zipate klia ya vumbivumbi mara mbili kwanza. Klia ya majimaji moja kwa moja juu yake huzikunja, kwani kiyeyushi kinaingia chini ya ukingo. Kisha bodi ilale hadi siku ya 9.

Mafundi rangi wa magari wana klia ya kuchanganya na hadina (kigandishaji), na mililita 20 zinatosha kigari kizima. Inaganda kwa kemia na kesho yake unaweza kuisugua, hivyo inaokoa siku mbili. Changanya kwa vipimo vya kopo lenyewe. Lakini hadina ina aisosayaneti, sumu ya mapafu ambayo barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. Asiye na barakoa yenye chujio za mvuke na mahali pa wazi aachane nayo, hata kama tarehe imemkaba.

Paa la vinaili huokoa muda pia. Funika bodi kwa tepu chini ya mstari wa paa, puliza nyeusi isiyong'aa kutoka sentimita 35 hadi 40. Rangi inafika nusu imekauka na kutua kwa chembechembe, sura ya vinaili yenyewe. Paa hilo halihitaji kung'arishwa, na paa ndilo eneo kubwa kuliko yote pamoja na boneti. Fanya hivi siku ya 9, baada ya kung'arisha sehemu nyingine.

Wakati bodi imelala

Kuanzia siku ya 4 hadi ya 9 una jioni tano za injini, chasi na ndani.

Hemi ya 426 ilipakwa rangi ya machungwa, vifuniko vya valvu vikiwa vyeusi vya mikunjo. Mikunjo hiyo inaigwa na nyeusi isiyong'aa iliyopulizwa mara tatu ikiwa karibu imekauka. Plagi zake huingilia katikati ya vifuniko vya valvu, nne kila upande, na distributa iko mbele ya injini, si nyuma kama kwenye V8 ndogo za Chrysler. Ukiiweka nyuma, mtu anayezijua injini hizi ataiona kabla ya kuona rangi yako. Waya halisi wa plagi una unene wa milimita 7, ambao kwa skeli ni 0.28. Waya wa shaba wa 0.3 unafaa kabisa, ule uliopakwa vanishi. Mafundi wa kurewaindi mota wanautupa kwa mabunda. Toboa kwa keekee ya 0.4, nane kwenye vifuniko na tisa kwenye distributa, ule wa tisa ukienda kwenye koili. Mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, namba witiri zikiwa upande wa kushoto wa gari na shufwa kulia, 1 na 2 zikiwa mbele. Kata vipande vya milimita 60, gundisha upande wa distributa kwanza, paka nyeusi, ndipo uvifupishe upande wa plagi. Ukivikata sawasawa na safari yake tangu mwanzo, viwili vitakuwa vifupi.

Hemi ni pana. Kifuniko cha valvu cha kushoto kinakaribiana sana na busta ya breki, kwa hiyo jaribisha vyote viwili kabla ya gundi.

Kimo cha gari ndicho mabadiliko yanayoonekana kuliko yote. Milimita 2 ni sentimita 5 kwenye gari halisi, na hizo mbele, na 1 nyuma, zinatosha. Ukizidisha, tairi inagusa madigadi na gari linaonekana limevunjika springi. Mbele Charger ilitumia vyuma virefu vya kujisokota badala ya springi za duara, hivyo hakuna springi ya kufupisha: kata pini ya gurudumu na uirudishe milimita 2 juu. Nyuma, weka kipande cha plastiki cha milimita 1 kati ya ekseli na springi za bapa zilizo chini yake. Maboksi ya zamani yana ekseli ya chuma inayopenya tundu kwenye bloki ya injini. Kwa hayo, kata ekseli, tumia vipande viwili vifupi, na uzibe tundu la bloki. Baada ya yote pima umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma: Charger ni inchi 117, sawa na milimita 118.9 kwa skeli hii. Weka chasi juu ya kipande cha kioo bapa wakati gundi inaganda. Magurudumu yote manne yaguse kioo, kwa sababu waamuzi huanzia hapo.

Rimu za chromu zina utandu wa alumini. Ukitaka kuzipaka kijivu, loweka kwenye Jik, na utandu unatoka ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa. Jik usiichanganye na kitu kingine chochote, hasa tindikali. Popote utakapounga kipande cha chromu, kwangua utandu kwanza; gundi ya plastiki haiyeyushi chromu na kipande kitabanduka mkononi ukumbini. Tairi za vinaili zisugue kwenye msasa wa 220 ziondoke mng'ao wa kiwandani, na upake rangi ndani ya rimu kama kizuizi, kwani baadhi ya vinaili hutoa mafuta yanayoyeyusha plastiki baada ya miezi.

Ndani usipoteze muda. Nyeusi isiyong'aa sana, dashibodi ikipigwa rangi ya fedha kwa brashi kavu, mikanda ya viti kutoka tepu yenye upana wa milimita 2, ambao ndio mkanda halisi wa milimita 48 kwa skeli.

Kung'arisha, foili na kufunga

Siku ya 9 anza na vitambaa vya msasa vya 4000, 6000, 8000 na 12000 kwa maji, kisha kompaundi laini. Kabla ya kuanza, bandika tepu nyembamba juu ya kingo za madigadi na kingo za mabonde ya milango. Rangi ni nyembamba zaidi hapo, na mipito kumi inafika kwenye praima. Toa tepu mwishoni, kingo uzipe kompaundi tu. Ukitoboa, usirudishe kopo: rangi ile ile mimina kwenye kifuniko, gusa kwa kijiti cha meno, subiri usiku, sugua kwa 8000.

Kama rangi yote imeharibika, kuna mpaka wa kalenda. Kabla ya siku ya 6 vua rangi: mafuta ya breki ya DOT 3, saa 12 hadi 24, glavu mkononi, kisha sabuni na mswaki. Baada ya siku ya 6 usivue. Panua eneo la vinaili, ongeza mstari, au boneti yote iwe nyeusi isiyong'aa.

Foili ya Bare-Metal, utando mwembamba wa metali wenye gundi unaoiga chromu, inakwenda siku ya 10, kuzunguka vioo na kwenye mifereji ya mvua ya paa. Kata kipande kipana kuliko unachotaka, kilaze, kibonyeze kwa kijiti cha meno kilichofutwa ncha, kisha pitisha kisu kipya mara mbili kwa wepesi. Kisu kilichokwisha kukata fremu kinararua foili, na anayelaumu foili abadilishe kisu kwanza. Grili ipewe nyeusi iliyozimuliwa sana, iingie mashimoni, na kingo uzifute. Taa za nyuma za mwaka huo ni nne za duara: nyekundu ya kioo juu ya rangi ya fedha.

Vioo siku ya 11, kwa gundi nyeupe ya mbao. Supaglu hutoa mvuke unaoacha ukungu kwenye kioo, na kile cha nyuma cha Charger kikishaingia katikati ya nguzo hukitoi tena bila kuvunja. Siku ya 12 bodi inakutana na chasi. Ingiza ukuta wa injini kwanza, panua mbavu za bodi kwa vidole taratibu upande wa nyuma, kwa sababu nguzo nyembamba za kioo cha mbele ndizo hupasuka ukivuta kwa mbele.

Siku ya 13 isipangiwe kitu. Itajijaza yenyewe.

Kioo cha pembeni na antena visibandikwe nyumbani. Vibebe kwenye kichupa, pamoja na gundi nyeupe, kibano, kijiti cha meno, kopo dogo la rangi ya bodi na kitambaa cha nyuzi laini. Kigari kifungwe kwa uzi kupitia ekseli kwenye ubao, ubao ndani ya sanduku, sifongo ikae pembeni ya matairi tu na isiguse rangi. Ukifika ukumbini, futa vumbi, bandika kioo cha pembeni, na boneti uiache wazi.